Pipa la kukaushia chumvi halitulii: je, udhibiti tabiri utanifaa?

Mkaushaji wa Gongoni ameuliza:

Salamu zangu ziwafikie nyote. Mimi ni fundi wa umeme na vipimo katika kiwanda kimoja cha chumvi upande wa Gongoni, kaskazini ya mji wa Malindi. Chumvi yetu huvunwa mashambani, huoshwa, hukamuliwa maji katika mashine inayozunguka kwa kasi, kisha hupitishwa ndani ya pipa refu la chuma linalozunguka polepole, huku hewa moto kutoka kwenye bana (kichomeo cha mafuta) ikipulizwa kuanzia upande uleule inakoingilia chumvi. Ikitoka upande wa pili hutiwa iodini na kupelekwa kwenye mashine ya kufungasha.

Tatizo langu ni joto la chumvi inayotoka. Lengo tuliloliweka ni nyuzi 100 za Selsiasi, lakini kipimo hupanda hadi 108 na kushuka hadi 92, kikarudi tena, na mzunguko mmoja huchukua dakika 40 hivi, usiku na mchana, hata wakati ambapo hakuna mtu aliyegusa kitu. Ikishuka chini ya 90, chumvi hutoka na unyevu, hushikamana kwenye mishono ya mifuko, na baada ya wiki mbili ghalani mfuko mzima huwa kama jiwe la kujengea. Kwa sababu ya hofu hiyo aliyenitangulia alilipandisha lengo hadi 100, ingawa sote tunajua kwamba chumvi ya nyuzi 92 imekauka vya kutosha. Mafuta yanayoteketea kwa ajili ya hofu hiyo ndiyo yanayomkosesha meneja usingizi.

Vipimo nilivyo navyo ni kipimajoto mwishoni mwa pipa, mizani chini ya mkanda unaoingiza chumvi (kwa kawaida tani 8 kwa saa), na kipimajoto cha hewa inayotoka kwenda kwenye mifuko ya kuchuja vumbi, ambayo tumeelezwa isipite nyuzi 120. Unyevu wenyewe hupimwa maabara mara moja kwa saa, kwa kuoka sampuli na kuipima uzito. Vali ya mafuta huendeshwa na PID ya kawaida, yaani kidhibiti kinachosahihisha pengo kati ya kipimo na lengo, iliyo ndani ya PLC, kompyuta ya kiwandani inayoendesha mtambo.

Nimesoma kuhusu udhibiti tabiri unaotumia modeli, ule unaoitwa MPC, na muuzaji mmoja alituletea bei iliyomfanya meneja anyamaze kwa muda mrefu. Ninaomba mnieleze: je, njia hii inafaa kwa pipa moja tu, au ni ya viwanda vikubwa vya kusafisha mafuta? Na je, fundi kama mimi anaweza kuijenga mwenyewe?

Maalim wa Langoni amejibu:

Mwanangu, nimefurahi kwamba umetaja dakika na nyuzi, maana wengi huja hapa na kusema tu kwamba mtambo unasumbua.

Nianze na wazo lenyewe. Nahodha anayeingiza jahazi katika mkondo wa Lamu hasubiri chombo kiguse fungu ndipo ageuze usukani. Anajua chombo chake kizito hakiitiki papo hapo, anajua kama maji yanajaa au yanapwa, kwa hiyo hupima akilini safari ya muda mfupi ulio mbele yake, akachagua mfululizo wa mageuzo ya usukani utakaompitisha salama. Lakini katika mfululizo huo hutekeleza geuzo la kwanza tu. Baada ya hapo hutazama tena upepo na maji, akaanza hesabu upya. Udhibiti tabiri hufanya hivyo hivyo kila baada ya muda uliopangwa, kwa mfano kila dakika 2: hutumia modeli ya mtambo kutabiri joto litakavyokwenda katika saa moja ijayo, hutafuta hatua za vali zitakazoleta pengo dogo kabisa kati ya utabiri na lengo bila kuvuka mipaka, hutekeleza hatua ya kwanza, na hutupa zilizobaki. Kwa kuwa upeo wa kutabiri husogea mbele pamoja na saa, hesabu haifiki mwisho.

PID haina jicho hilo. Hulitazama pengo la sasa, jumla ya mapengo yaliyopita, na mwendo wa pengo. Haijui kwamba mafuta iliyoyaongeza dakika 4 zilizopita bado yako njiani. Ndiyo maana pale ambapo kuchelewa ni kukubwa, PID iliyowekwa kwa pupa huongeza, ikaongeza tena, kisha joto lote likawasili kwa pamoja. Otto Smith alilishughulikia tatizo hili mwaka 1957 kwa kuiweka modeli ya mtambo ndani ya kidhibiti chenyewe. Njia ya MPC ilikomaa viwandani katika miaka ya 1970: kule Ufaransa Jacques Richalet na wenzake walichapisha maelezo yao mwaka 1978, na katika kampuni ya Shell huko Marekani Charles Cutler na Brian Ramaker waliitoa hadharani mwaka 1979 ile waliyoiita Dynamic Matrix Control. Watafiti Qin na Badgwell walipofanya uchunguzi wao uliochapishwa mwaka 2003 walihesabu mitambo zaidi ya 4,000 inayoendeshwa kwa njia hii, mingi ikiwa ya kusafisha mafuta na ya kemikali.

Walianza huko kwa sababu huko ndiko faida ilikokuwa kubwa, wala si kwa sababu hesabu yenyewe inadai mtambo mkubwa. Pipa lako lina kuchelewa, lina mpaka wa nyuzi 120 kwenye hewa, na lina mkanda ambao mabadiliko yake unayaona kabla hayajafika mwisho wa pipa. Hayo matatu ndiyo chakula cha MPC. Jibu langu, basi, ni kwamba inafaa, na kwamba unaweza kuijenga.

Bi Vipimo amejibu:

Shikamoo Maalim. Uliyoyasema yote ni kweli, ila naona tumeanza kuezeka kabla ya kuchimba msingi. Nimefanya kazi miaka mingi kwenye tanuri za saruji kabla ya kuhamia Malindi, na jambo moja nililojifunza ni kwamba joto linalopanda na kushuka kwa mpigo uleule, bila mtu kugusa kitu, mara nyingi halisababishwi na mtambo. Kidhibiti chenyewe ndicho kinachoutikisa.

Ndugu yangu wa Gongoni, kabla hujazungumza tena na muuzaji, nakuomba ufanye mambo mawili. La kwanza ni vali. Upepo wa bahari unaopita juu ya mashamba ya chumvi hula kila kitu, na shina la vali huota kutu na ukoko mpaka likawa linakwama: unaliamuru lisogee kidogo, linakataa, kisha linaruka. Piga mstari wa kalamu kwenye shina, weka kidhibiti kwenye mkono (yaani uiendeshe vali mwenyewe), ongeza amri nusu asilimia kwa nusu asilimia, na utazame kama mstari unasogea kila mara. Vali inayokwama inaweza kuleta mzunguko kama huo wako hata kidhibiti kikiwa kimewekwa vizuri, na hakuna modeli itakayoiponya.

La pili ni jaribio la hatua. Subiri zamu iliyotulia, mkanda ukiwa kwenye tani 8 zisizobadilika, uache kidhibiti kwenye mkono mpaka joto litulie, kisha ongeza mafuta mara moja kwa asilimia 5 na usiguse tena. Andika joto kila dakika mpaka litulie upya. Waambie wenzako wa zamu mapema, kwa maana mwendesha mitambo mwenye nia njema akiona joto linapanda ataipunguza vali kukusaidia, na saa nzima itakuwa imepotea. Utuletee pia namba zilizo ndani ya PID yako.

Mkaushaji wa Gongoni:

Ahsante Maalim, ahsante dada. Imenichukua siku nne, kwa sababu vali ilikuwa kama ulivyosema. Nilipoifungua nilikuta shina limevaa ukoko mweupe wenye kutu, na amri ya asilimia 1 haikulisogeza kabisa. Tumebadilisha kifungio chake na kulisafisha shina, na sasa linaitika hata kwa nusu asilimia. Mzunguko umepungua kidogo lakini haujaisha.

Jaribio la hatua nililifanya jana usiku. Vali ilikuwa asilimia 40 na joto limetulia nyuzi 92. Niliipandisha hadi 45 saa tatu kamili. Kwa dakika 6 kipimajoto hakikuonyesha badiliko lolote, mpaka mwenzangu akaniuliza kama kweli nimebonyeza. Kisha joto lilianza kupanda, haraka mwanzoni na polepole baadaye. Dakika ya 18 lilikuwa 98.3, na kufikia dakika ya 55 lilikuwa limesimama kwenye 102. Hewa ya kutokea haikupita 113.

Namba za PID: kizidishi ni 0.45, yaani asilimia ya vali kwa kila nyuzi moja ya pengo; muda wa kujumlisha ni dakika 3; sehemu ya tatu imezimwa. Hakuna anayekumbuka nani aliziweka.

Bi Vipimo:

Umefanya kazi safi, na namba zako zinaeleza kila kitu. Asilimia 5 za vali zimeleta nyuzi 10, kwa hiyo kizidishi cha pipa ni nyuzi 2 kwa kila asilimia. Kuchelewa ni dakika 6. Muda wa kuitikia hupimwa kwa desturi pale joto linapofikia asilimia 63 ya badiliko lote; asilimia 63 ya nyuzi 10 ni 6.3, na ulizifikia dakika ya 18. Ukiondoa zile 6 za ukimya, muda wa kuitikia ni dakika 12. Modeli yako ni namba hizo tatu: 2, 6 na 12.

Sasa tazama. Nimelifanyia hesabu pipa hilo pamoja na PI (yaani PID yako ambayo sehemu ya tatu imezimwa) yenye muda wa kujumlisha wa dakika 3, nikatafuta kizidishi ambacho mzunguko haufi wala haukui. Nimepata takriban 0.445, na mzunguko wake huchukua dakika 40 na sekunde kadhaa. Wewe uko kwenye 0.45! Kiwanda chenu kimekuwa kikiendeshwa ukingoni kabisa mwa jabali, na dakika 40 ulizozihesabu kwa saa ya mkononi ndizo hizo hizo zinazotoka kwenye karatasi. Pipa linahitaji dakika 12 kuitikia, na kidhibiti kinajumlisha kana kwamba linaitika kwa dakika 3.

Weka muda wa kujumlisha uwe dakika 12, sawa na muda wa kuitikia wa pipa. Kizidishi kipatikane kwa kugawa 12 kwa zao la 2 na jumla ya kuchelewa na kasi unayoitaka, yaani dakika unazotaka joto lichukue kulifuata lengo. Ukichagua kasi ya utulivu ya dakika 12, zao hilo ni 2 mara 18, kwa hiyo ni 12 kugawanywa kwa 36, yaani 0.33. Badilisha usiku huu na utuambie. Haigharimu hata senti moja.

Fundi wa Shela amejibu:

Naomba niingie kidogo, maana mimi ndiye mwenye uchungu na neno hili udhibiti tabiri. Sasa ninaendesha mtambo mdogo wa kuondoa chumvi kwenye maji ya kisima hapa Lamu, na kwa mtambo wangu sihitaji utabiri wowote: nikigusa pampu, shinikizo hubadilika ndani ya sekunde chache, na PI ya kawaida inatosha. Lakini zamani nilikuwa kwenye kiwanda kimoja cha bara ambacho kilinunua mfumo wa MPC kwa pesa nyingi. Wageni walikuja, walikaa wiki sita, walifanya majaribio ya hatua, waliuwasha, na kwa kweli uliendesha vizuri sana. Mwaka uliofuata bana ilibadilishwa kwa kubwa zaidi, kwa hiyo asilimia moja ya vali ikawa na nguvu karibu mara mbili ya ile iliyokuwa kwenye modeli. Hakuna aliyewaambia wenye mfumo, na hakuna kati yetu aliyefundishwa kuirekebisha modeli. Kidhibiti kilikuwa kikiamini kinaongeza kidogo, kumbe kinaongeza maradufu. Waendesha mitambo waliuzima usiku mmoja na haukuwashwa tena. Kompyuta yake iligeuka mahali pa kuwekea vikombe vya chai.

Kwa hiyo swali langu kwa ndugu wa Gongoni si kama unaweza kuijenga. Nauliza: ukihamishwa kesho, nani ataijua ile 2, ile 6 na ile 12?

Jambo la pili ni la mafuta. Tufanye hesabu kabla ya kuota ndoto. Ukilishusha lengo kutoka 100 hadi 92, unaokoa joto la kupasha tani 8 za chumvi kwa nyuzi 8. Chumvi huchukua takriban kilojuli 0.86 kwa kila kilo na kila nyuzi, kwa hiyo ni megajuli 55 kwa saa, sawa na lita moja na nusu ya dizeli, kabla ya kuhesabu joto linalopotea hewani. Ni lita 36 na zaidi kwa siku, si haba. Lakini chumvi ikiingia ikiwa na unyevu ulioongezeka kwa asilimia moja tu, hiyo ni kilo 80 za maji kila saa, na kila kilo ya maji hudai karibu kilojuli 2,260 ili igeuke mvuke. Jumla ni megajuli 180, yaani lita 5 kwa saa. Mashine yako ya kukamua ikiwa na chujio lililoziba, inakula faida ya utabiri mara tatu. Nenda kaitazame hiyo kwanza.

Maalim wa Langoni:

Fundi wa Shela amesema la maana, na hesabu yake ya maji nimeirudia nikaikuta sawa. Hata hivyo kosa la kile kiwanda cha bara lilikuwa la watu walioinunua modeli kama mtu anunuavyo jiko: ukishalipia, limekwisha. Modeli ni kama ramani ya pwani. Mchanga ukihama, ramani huchorwa upya.

Niendelee pale Bi Vipimo alipofikia, kwa sababu namba zake tatu ndizo zinazotosha kujenga MPC ya mtindo wa Cutler. Chukua hatua ya dakika 2. Ukiongeza vali kwa asilimia 1, joto halibadiliki mpaka dakika ya 6. Dakika ya 8 limepanda nyuzi 0.31, ya 10 ni 0.57, ya 12 ni 0.79, ya 18 ni 1.26, ya 30 ni 1.73, na ya 54 ni 1.96, likikaribia 2. Orodha hiyo ya namba ndiyo modeli yote. Kwa kuwa tunakubali kwamba athari hujumlika, mabadiliko yote ya vali uliyoyafanya katika saa iliyopita, kila moja likizidishwa kwa namba yake, yanakuambia joto litakuwa wapi katika saa ijayo hata kama hutagusa kitu. Kisha unauliza: nikibadilisha sasa, na baada ya dakika 2, na baada ya 4, mpaka hatua 5, ni mabadiliko gani yatakayopunguza jumla ya miraba ya mapengo, pamoja na adhabu ndogo kwa kila msogeo wa vali? Adhabu hiyo usiidharau. Ukiiweka ndogo mno, kidhibiti kitaichezesha vali kama mtoto na kengele. Ukiiweka kubwa mno, kitakuwa mvivu kuliko PI.

Utabiri hautalingana na kipimo kwa ukamilifu, kwa hiyo kila dakika 2 unachukua tofauti kati ya joto lililopimwa na lililotabiriwa, ukaiongeza kwenye utabiri wote wa mbele. Hila hiyo rahisi ndiyo inayofanya joto lifike kwenye lengo hata kama kizidishi cha kweli ni 2.2 na si 2. Haitoshi, lakini, kizidishi kikigeuka maradufu kama kule alikokuwa Fundi.

Utamu wake uko kwenye mkanda. Fanya jaribio la hatua la pili, safari hii kwa kubadilisha tani na si mafuta. Nakisia kuchelewa kwake kutakuwa kurefu kuliko kule kwa mafuta, kwa sababu chumvi hutambaa ndani ya pipa ilhali hewa hupita haraka. Kama ndivyo, utakuwa na dakika kadhaa za akiba: mizani itakuambia mzigo umeingia, na mafuta yatakuwa na nafasi ya kuuwahi.

Kuhusu mashine ya kufanyia hesabu, hatua 5 za vali moja ni tatizo dogo sana. Kompyuta ya ukubwa wa kiganja hulimaliza kwa milisekunde, na zipo programu huru za kutatua matatizo ya kikwadrati (kama hili la kupunguza jumla ya miraba), OSQP ikiwa mojawapo. Usiiruhusu iguse vali moja kwa moja. Iipe PLC pendekezo. PLC ikague mipaka, ikatae msogeo unaozidi asilimia 1 kwa hatua moja, na kama haikusikia kutoka kwa kompyuta kwa dakika 6, irudi yenyewe kwenye PI ya Bi Vipimo. Ulinzi wa bana na mpaka wa nyuzi 120 ubaki ndani ya PLC daima.

Mkaushaji wa Gongoni:

Wakubwa zangu, nimerudi baada ya siku tisa.

PI mpya ilifanya kazi tangu usiku wa kwanza. Nilikaa chumba cha udhibiti nikiutazama mstari, na kwa mara ya kwanza tangu niajiriwe ulinyooka. Mwendesha mitambo wa zamu alidhani kipimajoto kimekufa, akaenda kukigonga kwa bisibisi. Sasa joto hucheza ndani ya nyuzi 2 juu na 2 chini ikiwa mkanda umetulia. Tumelishusha lengo hadi 96 kwanza, kwa sababu meneja hataki kuruka kwa mkupuo.

Mashine ya kukamua: Fundi wa Shela, nakupa haki yako. Chujio lake lilikuwa limeziba karibu robo. Tumelisafisha, na sampuli za chumvi inayoingia pipani zimeshuka kutoka unyevu wa asilimia 4.1 hadi 3.4.

Linalobaki ni mkanda. Tingatinga linapochota kutoka chini ya lundo, hasa baada ya manyunyu, mzigo hubadilika ghafla na joto huanguka. Nililifanya jaribio la pili: kutoka tani 8 hadi 9 joto lilishuka nyuzi 4, na lilianza kushuka dakika ya 10. Maalim, kisio lako lilikuwa sahihi, nina dakika 4 za akiba. Je, hapo ndipo MPC inapostahili, au bado?

Bi Vipimo:

Hapo ndipo, ingawa hata hapo kuna njia ya mkato. Tani moja zaidi inashusha nyuzi 4, na asilimia moja ya mafuta inapandisha nyuzi 2, kwa hiyo kila tani inahitaji asilimia 2. Iambie PLC isome mizani, isubiri dakika 4, kisha iongeze asilimia 2 kwa kila tani iliyoongezeka juu ya amri ya PI. Hiyo ni hatua tangulizi. Ni mistari michache ya programu, na kila mwendesha mitambo ataielewa. MPC ingefanya hivyo hivyo bila kuambiwa isubiri, na ingeuheshimu mpaka wa hewa kwa wakati mmoja. Mpaka huo utaanza kukubana siku mtakapotaka tani 10 kwa saa. Mkishafika huko, na ikiwa mna mpango wa kuongeza feni kama mkono wa pili wa kushika mtambo, nitakuwa wa kwanza kukusukuma uijenge.

Kumbuka tu kwamba mizani hupima uzito na haijui unyevu. Chumvi nyepesi yenye maji mengi itakudanganya.

Fundi wa Shela:

Na urudie jaribio la hatua masika yakiingia. Namba za kaskazi, wakati lundo limekauka na upepo unapiga, hazitakuwa namba za mwezi wa Mei. Ziandike zote mbili kwenye ubao ukutani, kwa wino usiofutika, pamoja na tarehe.

Mkaushaji wa Gongoni:

Ubao umewekwa jana, karibu na mlango, juu ya ndoo ya mchanga wa kuzimia moto. Hatua tangulizi imeingia kwenye PLC na imepunguza anguko la nyuzi 4 hadi nyuzi moja na kidogo.

MPC nimeijenga, lakini sijaipa vali. Kompyuta ndogo inasoma kila kitu, inatabiri, inaandika pendekezo lake kwenye skrini kando ya lile la PI, na hakuna linalotekelezwa. Nimewaomba waendesha mitambo wa zamu zote tatu waandike kwenye daftari, kila saa, utabiri wa nusu saa iliyopita na joto lililopatikana kweli. Tumekubaliana na meneja kwamba daftari likijaa ndipo tutazungumza juu ya kuiachia usukani. Lengo sasa ni 93. Leo saa nne usiku mstari wa mwisho ulioandikwa unasomeka hivi: utabiri 93.1, kipimajoto 92.8, na pembeni mwendesha mitambo yuleyule wa bisibisi ameongeza kwa kalamu yake, "Sijakigonga."